Aliyekataliwa na Kwao: Chotara na Maradhi ya Akili katika Hadithi ya Bessie Head

Wahenga walisema ya kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii husomwa kama onyo kwa mtu mwenye kwao ambaye, kwa kiburi au kwa tamaa, amekupa kisogo. Haisemi lolote juu ya mtu ambaye kwao ndiko kulikomkataa. Mtu wa namna hiyo hakutiwa katika hesabu ya methali, wala katika hesabu ya mambo mengine mengi ambayo wenye kwao huyapata bila ya kuyaomba. Kitabu kinachochunguzwa katika kurasa hizi chamhusu yeye. Jina lake ni A Question of Power, ambalo kwa Kiswahili twaweza kulifasiri Suala la Mamlaka, nacho kilitolewa mwaka 1973. Mtungaji wake, Bibi Bessie Head, alizaliwa Afrika Kusini, akafa raia wa Botswana. Na katikati ya nchi hizo mbili aliishi miaka mingi bila ya kuwa raia wa nchi yoyote.

Hadithi yenyewe ni ya mwanamke aitwaye Elizabeth, mtoto wa mama Mzungu na baba Mwafrika, ambaye ahamia na mwanawe katika kijiji cha Motabeng, huko Botswana, na huko akili yake yaharibika mara mbili. Wasomaji wake hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huona ya kuwa damu mbili zimegombana ndani ya mwili mmoja, na kichwa kimekuwa uwanja wa vita vyao. Kundi la pili, lililo na elimu zaidi, huona ya kuwa wazimu huo ni fumbo tu la siasa ya Makaburu, na mwenye wazimu ni vazi lililovikwa hoja. Kundi la kwanza lamdhulumu chotara, na la pili lamdhulumu mgonjwa. Nia ya insha hii ni kuonyesha ya kuwa Bibi Head alisema jambo la tatu, lililo gumu kuliko hayo mawili. Damu hazigombani. Ugomvi umo midomoni mwa watu. Kutoka midomoni huingia masikioni, na kutoka masikioni hushuka mpaka moyoni, na huko hugeuka maradhi ya kweli, yenye kukosesha usingizi na kumpeleka mtu hospitali.

Yafaa kwanza kuyajua maisha ya mtungaji, kwa kuwa hadithi imeyafuata karibu sana. Bibi Head alizaliwa tarehe 6 Julai 1937 katika mji wa Pietermaritzburg, ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Fort Napier, ambako mama yake alikuwa amelazwa. Baba yake alikuwa mtu mweusi, na mtoto hakupata kumjua. Kichanga alipewa kwanza watu weupe, nao wakamrudisha walipoitambua rangi yake. Baadaye akalelewa katika nyumba ya machotara. Mama alikufa mwaka 1943. Zamani hizo kulikuwako tayari sheria ya mwaka 1927 iliyowakataza Wazungu na Waafrika kujuana nje ya ndoa. Mwaka 1949 ndoa yenyewe baina ya Wazungu na watu wa rangi nyingine ikakatazwa, na mwaka 1950 kila mtu akaandikishwa katika daftari la serikali kwa rangi yake. Palipokuwa na shaka, karani aliweza kuchomeka kalamu ya risasi katika nywele za mtu na kutazama kama itaanguka au itanasa. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuandikwa rangi mbalimbali, wakakatazwa kukaa mtaa mmoja. Daftari hilo halikufutwa mpaka mwaka 1991, miaka mitano baada ya Bibi Head kufariki.

Mwaka 1964 aliondoka Afrika Kusini kwa hati iliyomruhusu kutoka bila ya kurudi, akaenda Serowe kufundisha shule. Mwaka 1971 alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lobatse. Alipopona aliandika kitabu hiki. Mwaka 1979 alipewa uraia, na mwaka 1986 alikufa, naye ana umri wa miaka 48.

Mtu asiyezijua hadithi zilizotangulia hataona ushujaa wa kitabu hiki. Mwaka 1924 Bibi Sarah Gertrude Millin, Mzungu wa Afrika Kusini, alitoa hadithi iliyosifiwa sana katika nchi za Wazungu, God's Step-Children, yaani Watoto wa Kambo wa Mungu. Humo padre Mwingereza amwoa mwanamke wa Kihotentoti, na uzao wao wafuatwa kizazi kwa kizazi kama mtu afuatavyo doa linavyoenea katika kitambaa. Wa mwisho katika uzao huo, ambaye kwa sura ni Mzungu, amwacha mke wake mwenye mimba na kwenda kuishi miongoni mwa wale awaitao ndugu zake wa rangi, ili alipe deni la damu. Katika kitabu hicho damu ndiyo mtendaji, na watu ni mitumbwi yake tu. Nasi tuna methali ya fikira hiyohiyo: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Wataalamu nao waliivika fikira hiyo joho la elimu. Mwaka 1937, mwaka uleule aliozaliwa Bibi Head, Mmarekani Everett Stonequist alitoa kitabu chake juu ya mtu wa ukingoni, yaani mtu aliyesimama mpakani mwa jamii mbili, ambaye nafsi yake hupasuka kwa kuvutwa huku na huku. Haki yampasa mtaalamu huyo: aliona ya kuwa kisa ni jamii zinazovutana. Lakini jina alilolieneza lilimkaa anayevutwa, na wanaovuta wakasahauliwa. Hata leo mtu husikia ikisemwa, kwa huruma nyingi, ya kuwa chotara hana budi kutaabika. Huruma ya namna hiyo ni hukumu iliyotolewa kwa sauti ya upole.

Sasa tazama hatari aliyoiingia Bibi Head. Alimpa Elizabeth mama Mzungu aliyefungiwa kwa wazimu, na Elizabeth mwenyewe akaingia wazimu. Bibi Millin angekisoma kisa hicho, angesema: je, sikuwaambieni? Mtungaji dhaifu angemficha mama huyo, au angembadilisha. Bibi Head hakufanya hivyo, kwa kuwa alikuwa na jibu, na jibu lake limo katika kurasa chache za mwanzo ambazo wachambuzi wengi huzipita mbio.

Elizabeth apelekwa shule ya misheni, na mwalimu mkuu wa shule hiyo amwambia habari ya kuzaliwa kwake: mama yake alikuwa mwendawazimu, baba yake alikuwa mtunza farasi mweusi, na asipojihadhari naye atakuwa kama mama yake. Tangu hapo huwekwa chini ya ulinzi. Wasichana wengine hupigana, huumana na kukwaruzana kama watoto wafanyavyo po pote, na hapana aulizaye sana. Elizabeth akifanya vilevile hufungiwa peke yake. Basi wenziwe hupata habari ya jambo hilo, wakaja kumpiga mateke kwa makusudi akiwa ameketi pembeni na kitabu chake, maana wajua ya kuwa akijibu ni yeye atakayefungiwa.

Hiki ndicho kiini cha kitabu kizima, nacho kimesemwa pasipo kelele. Tendo ni moja, lakini likitendwa na huyu ni utundu, na likitendwa na yule ni dalili. Mtoto aambiwaye kila siku ya kuwa wazimu umo ndani yake hujifunza kujisikiliza kama mlinzi asikilizavyo mlango usiku. Na asikilizaye mlango usiku kucha hatakosa kusikia kitu. Hatudai ya kuwa maradhi ya akili hayarithiwi kabisa. Waganga husema ya kuwa mengine hufuata ukoo. Lakini kitabu hiki chaonyesha urithi mwingine, ule unaotolewa kwa mkono wa mwalimu mkuu, na mrithi hakuulizwa kama aupokea.

Mtu ataweza kusema ya kuwa hayo ni mambo ya Makaburu, nasi hayatuhusu. Na tuyatazame maneno yetu wenyewe. Neno chotara, ambalo sina budi kulitumia katika insha hii kwa kukosa jingine lijulikanalo na wote, twalitumia kwa mtu, na kwa kuku na ng'ombe pia. Afisa wa mifugo husifu ng'ombe chotara kwa wingi wa maziwa, na kuku chotara kwa kukua upesi. Mfugaji hulitumia bila ya ubaya wowote. Lakini neno linalotoka zizini na kuingia sebuleni huja na harufu ya zizi. Neno suriama lina asili ya suria, na suria ni mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake; basi kila alitajapo mtu, hata kwa wema, hukumbusha kitanda ambacho mama hakukichagua. Na vijana wa mijini siku hizi wana jina lao, pointi faivu, ambalo ni hesabu ya nusu. Mzaha ni mzaha, na wengi wa wanaoitwa hivyo hucheka pamoja na wenzao. Ila mtu mzima aliyekuwa akiitwa nusu tangu utoto atajiuliza siku moja, katika saa ya upweke, nusu yake ya pili iko kwa nani.

Turudi Motabeng. Usiku, watu wasioonekana na wengine huingia chumbani mwa Elizabeth. Wa kwanza ni Sello, mwenye mavazi ya mtawa. Pamoja naye ni mwanamke mwenye nguvu za kutisha aitwaye Medusa. Na baadaye huja Dan, mtesaji kuliko wote. Wachambuzi wametumia wino mwingi kuzifumbua sura hizi kwa dini za Wahindi, za Wayunani na za Kikristo, na mtungaji amewapa sababu ya kufanya hivyo. Lakini msikilize Medusa. Hoja zake si za mbinguni. Amwambia Elizabeth ya kuwa nchi hii si yake, watu hawa si wake, na lugha za Waafrika hazijui. Amwonyesha machotara wanaume wakianguka na kufa, kama kumwambia kwamba hilo ndilo kabila lake na huo ndio mwisho wake. Ni maneno ambayo mhamiaji yeyote aliyechanganya damu ameweza kuyasikia dukani au kisimani. Bibi Head ametwaa masengenyo ya kawaida ya wanadamu, akayapa mwili na sauti ya usiku. Na kwa sababu hiyo yanatisha kuliko shetani yeyote.

Na hapa mtungaji aonyesha ukweli ambao wengi wangeuficha. Mgonjwa wake si malaika. Siku akili yake inapokatika mara ya kwanza, yumo katika duka la redio, naye apiga makelele ya kuwatukana Watswana. Sumu aliyonyweshwa imetoka kwa kinywa chake mwenyewe. Mara ya pili amshtaki Sello hadharani kwa karatasi aliyoibandika penye posta, na ampiga mwanamke mzee wa Kizungu aliyekuja kwa wema. Aliyedhulumiwa kwa rangi hatoki katika dhuluma akiwa safi. Hutoka na lugha ya mdhalimu ulimini. Mtungaji aliyetaka kulilia watu wake tu asingethubutu kuandika hivyo.

Lakini malipo ya uthubutu huo ni tukio la hospitali. Daktari Mzungu amtazama Elizabeth, asikia matusi yake juu ya Waafrika, na afurahi: amepata mwenzake katika ubaguzi. Amwonyesha urafiki kwa sababu hiyo. Elizabeth aushangaa urafiki huo, na mshangao huo wamsaidia kujua njia ya kutoka. Amejiona katika kioo cha mtu huyo. Ugonjwa wake ulikuwa umeazima maneno ya daftari la rangi, na tazama, hata tabibu mwenyewe ameyapokea maneno hayo kuwa ndiyo afya. Hapo swali la nani mwenye akili timamu halina jibu jepesi tena. Na mtungaji aliacha lisumbue.

Kuna kitabu chake cha mwaka 1971, Maru, ambacho chafaa kusomwa pamoja na hiki. Mwalimu Margaret Cadmore, yatima wa Kimasarwa, yaani kabila lililodharauliwa kuliko yote huko, alilelewa na mke wa mmisionari. Afika katika kijiji cha Dilepe, na watu kwa kuona elimu na umbo lake wamdhania chotara. Lingalikuwa jambo rahisi kuupokea uongo huo, kwa kuwa ungempandisha cheo. Akataa, asema yeye ni Mmasarwa. Kwa Margaret kuna jina la kusema, hata kama ni jina la dhiki. Elizabeth hana hata hilo. Jina la chotara alilopewa lilikuwa jina la chumba katika daftari, na kwa vumbi la Motabeng halina maana. Wenye kusema ya kuwa tiba ya chotara ni kuchagua upande mmoja na kutulia humo wavisome vitabu hivi viwili pamoja, waone ya kuwa hapakuwa na upande uliomngoja Elizabeth.

Frantz Fanon, mganga wa maradhi ya akili aliyezaliwa Martinique, alimchambua kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1952 mtungaji mwanamke wa kisiwa chake, Mayotte Capécia, kwa tamaa ya kujisogeza kwenye weupe. Hukumu hiyo haimpati Elizabeth. Yeye hatamani weupe, wala hajidai weusi. Atamani kuwa mtu wa kawaida, ambaye watu humsalimu asubuhi bila ya kuuliza asili yake.

Basi alipata wapi nafuu? Alipata bustanini. Katika shamba la ushirika la kijiji afanya kazi pamoja na Kenosi, mwanamke wa Kitswana asiye na maneno mengi, ambaye hamwulizi yeye ni nani. Kenosi amwambia tu ya kuwa bila yeye hawezi kuifanya kazi ile. Elizabeth alipanda mmea mdogo wenye matunda ya manjano yaliyojificha katika maganda membamba kama karatasi, mmea ulioletwa kutoka pande za Cape, akapika jamu yake, na watu wakaipenda. Mpaka wanakijiji wakamwita yeye kwa jina la tunda lile. Mmea ule nao ulikuwa mgeni Cape, maana asili yake ni Amerika ya Kusini. Ulimea Motabeng kwa kuwa ulipata udongo na maji, na hapana aliyeuliza mizizi yake.

Sisi tuna methali isemayo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huielewa kuwa ni ukali wa mwenyeji aliyechoka kulisha. Kitabu cha Bibi Head chatufundisha kuisoma upya. Asiyepewa jembe hubaki mgeni milele, hata akilishwa asali. Apewaye jembe ameambiwa ya kuwa mavuno yatamhusu. Kenosi alimpa Elizabeth jembe, na katika ukurasa wa mwisho Elizabeth alazapo usingizini huuweka mkono juu ya ardhi, kama mtu awekaye mkono juu ya kitu chake.

Mhakiki mwenye hadhari atauliza kama tiba hiyo si nyepesi mno. Ingekuwa nyepesi kama bustani ingalikuja mwisho. Lakini bustani ilikuwako kabla ya kuanguka kwa mara ya pili, wala haikuzuia. Mtungaji hakusema ya kuwa jembe ni dawa. Alisema ya kuwa mgonjwa aliyetoka hospitali alikuta mahali pake hapakujazwa na mtu mwingine, na kazi ikimngoja. Dawa ni kazi ya waganga. Kumwekea mgonjwa mahali ni kazi ya jirani, nayo haiwezi kufanywa na mganga hata awe hodari namna gani.

Kitabu kina makosa yake. Masimulizi ya usiku yamerefushwa kupita kiasi, na katika sehemu ya Dan msomaji huchoka kabla ya mgonjwa. Machotara wanaume walioonyeshwa na Medusa wamepewa dharau ambayo mtungaji hakuisahihisha, na wapendao wanaume wenzao wamefanywa alama ya uchafu. Twaweza kusema ya kuwa hayo ni maneno ya ndoto mbaya. Lakini mchana wa kitabu ulikuwa na nafasi ya kuyajibu, na haukuyajibu. Aliyeteswa kwa kuainishwa ameainisha wengine.

Hata hivyo, elimu ya siku zetu imemfuata mtungaji huyu kuliko ilivyomfuata Stonequist. Mwaka 1992 Bibi Maria Root, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alihariri kitabu juu ya watu wa rangi zilizochanganyika katika nchi yake, na tangu hapo uchunguzi mwingi umeacha kuuliza mchanganyiko umemfanya mtu nini, ukauliza watu wamemfanya nini aliyechanganyika: amebaguliwa mara ngapi, amelazimishwa kuchagua na nani, na nyumbani alipata nani wa kumwambia ukweli wa asili yake kwa upendo. Hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza kumruhusu mtu kutia alama penye rangi zaidi ya moja. Ni hatua njema. Lakini daftari lenye vyumba vingi bado ni daftari, na mgonjwa wa Motabeng hakuponywa kwa kupata chumba.

Mwaka 1981 Bibi Head alitoa kitabu cha habari za Serowe, alizozikusanya kwa kuwauliza wazee na mafundi wa kijiji hicho. Mtu aliyeambiwa ya kuwa hana watu aliwaandikia watu historia yao. Methali ya wahenga yasimama pale pale: mkataa kwao ni mtumwa. Kwa upande wa aliyekataliwa, kitabu hiki chatuambia ya kuwa hatima yake imo mikononi mwa wenye kwao, nao ni sisi tusomao, ambao siku ya tatu imetukuta tungali tumeshika jembe, tukiuliza kwanza asili ya mgeni.